Masikini Naye Anapiga Pasi

Wadau, nimekuwa kimya karibu wiki mbili na ujumbe wenu wa "kulikoni?" nimeupata. Mimi mzima. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika jambo moja bila kumuudhi mtu. Nimeikosa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Atakayeumia anisamehe, na asiponisamehe basi ajibu, uwanja ni wa wote.

Ilikuwa hivi. Vijana watano wanaosoma filamu katika chuo kimoja hapa Dar (chuo sikitaji, ugomvi wangu si na chuo) waliniita kwenye kikao chao. Wanatengeneza filamu fupi ya dakika 20, ndiyo kazi yao ya kumalizia masomo. Mimi waliniita kwa sababu niliwahi kuandika makala kuhusu wasichana wa kazi za ndani, na filamu yao inamhusu binti anayetoka Singida kuja mjini kufanya kazi, analipwa ahadi badala ya mshahara, mpaka siku anayoamua kuondoka. Hadithi nzuri. Skripti niliisoma kwenye daladala nikapitilizwa kituo.

Kasheshe ilianza walipofungua daftari la mipango. Binti anayeshughulikia mandhari na mavazi akasoma orodha. Nainakili kama nilivyoisikia.

Mahali: jumba la ghorofa, Mbezi Beach, lenye bustani na ikiwezekana bwawa la kuogelea.

Baba mwenye nyumba: suti, miwani myeusi, simu mbili.

Mama mwenye nyumba: wigi refu, kucha za kubandika, viatu vya kisigino kirefu. (Sebuleni kwake, wadau! Anaangalia runinga na visigino!)

Msichana wa kazi: gauni lililochanika begani, masizi usoni, peku.

Bibi wa kijijini: kaniki nyeusi, hirizi shingoni, macho yafanywe mekundu.

Nikauliza, "Nani kati yenu kwao kuna dada wa kazi?" Mikono minne ikanyooka kati ya mitano. "Nani kwao kuna bwawa la kuogelea?" Hakuna. "Na huyo dada wa kwenu anavaa gauni lililochanika?" Kimya. Halafu mmoja akacheka, akasema, "Kaka, hii ni filamu bwana."

Hii ni filamu bwana. Sentensi hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Maana yake ni kwamba tukishawasha kamera tumeruhusiana kudanganyana, na mtazamaji naye amekubali kudanganywa, basi mambo yote sawa. Mimi nasema hapana, na nitasema kwa nini.

Tuanze na hilo gauni lililochanika. Mimi nimekulia Mwananyamala, nyumba ya vyumba sita, wapangaji sita. Jumapili asubuhi harufu ya kwanza iliyoingia ukumbini haikuwa ya chai, ilikuwa ya pasi ya mkaa. Pasi ilikuwa moja, ya mama mmoja mwuza maandazi, ikizunguka chumba kwa chumba kwa zamu. Kulikuwa na watu mle ndani ambao Jumamosi walilala na njaa, lakini Jumapili hukuona kola iliyojikunja. Masikini wa mjini anapiga pasi kwa sababu nguo ndiyo kitu pekee ambacho jirani anaweza kukikagua bila kubisha hodi. Tajiri ndiye anayeweza kwenda dukani na kaptura yenye tundu, akaonekana amepumzika. Masikini akivaa tundu ataambiwa ameshindwa maisha.

Tena nchi hii ina mitumba. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na zile nguo tulizoziita "kafa Ulaya" zikaingia kwa marobota, kuvaa vizuri kwa senti kidogo kumekuwa ufundi wa taifa. Nenda Karume pale Ilala, soko ambalo liliteketea kwa moto Januari 2022 na wenyewe wakarudi kupanga meza. Utamkuta dada anachambua rundo la blauzi kwa jicho ambalo mbunifu wa mitindo angelionea wivu. Anajua mshono, anajua kitambaa, anajua ipi itachuja. Huyo ndiye mnataka kumpaka masizi?

Beki tatu wa kweli, kama tunavyowaita kwa utani usiochekesha, anavaa nini? Nendeni mkaangalie. Anavaa gauni la mama mwenye nyumba lililompwaya, kwa sababu alipewa badala ya nyongeza. Anavaa fulana ya kampeni ya uchaguzi uliopita, sura ya mgombea kifuani, huku akidekia. Anavaa kanga juu ya kila kitu. Anavaa ndala ambazo si saizi yake. Katika kila kimoja cha vitu hivyo kuna habari nzima. Gauni linalompwaya linatuambia nani alilivaa kwanza. Fulana ya mgombea inatuambia ahadi ngapi amekwisha kupewa. Tundu la begani linatuambia tu kwamba mwenye filamu ana mkasi.

Kuna mzee mmoja aliyelijua hili kabla hatujazaliwa. Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekuwa kuli bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi, alitoa filamu yake La Noire de... mwaka 1966. Inahusu binti wa Dakar, Diouana, anayepelekwa Ufaransa akidhani anakwenda kulea watoto, kumbe anakwenda kupika na kusugua sakafu. Sembène hakumvisha matambara. Diouana anapiga deki akiwa amevaa gauni lake zuri na viatu vya visigino, kwa sababu hizo ndizo nguo alizojia nazo Ulaya. Na bosi wake, mwanamke Mfaransa, anaudhika na viatu vile kuliko kitu chochote. Anampa aproni. Anamwamuru avue viatu. Vita yote kati ya watu wawili hao imo kwenye kile viatu vinachosema: mimi sikuja hapa kuwa chombo chako cha kufanyia usafi. Angempaka masizi tungemhurumia dakika tano tukamsahau. Miaka 60 imepita na bado tunavizungumza viatu vyake. Zingatieni hapo, mama wa Mbezi Beach mliyempa visigino hana sababu ya kuvivaa. Diouana anayo.

Sasa tuje kwenye jumba. Bajeti ya vijana hawa ni shilingi 900,000, za kuchangishana na za shangazi. Jumba lenyewe ni 300,000 kwa siku, na wanalitaka kwa siku mbili. Theluthi mbili ya pesa zote ziende kwa ukuta! Chakula cha waigizaji? Tutaona. Nauli? Tutaona. Maikrofoni ya kukodi? Tutatumia simu.

Nikawauliza kwa nini jumba. Jibu nililotarajia lilikuja: "Tukipiga uswahilini watu watasema hatuna hela." Lakini hamna hela! Na msichana mnayemsimulia hana hela! Na aliyemwajiri, kama mngekuwa wakweli, naye hana hela nyingi kiasi hicho.

Hapo ndipo penyewe, wadau. Someni pole pole. Wasichana wa kazi wa jiji hili hawako Mbezi Beach tu. Wako Tabata, Kimara, Temeke, Kigogo, Sinza, kwenye nyumba za kupanga za chumba na sebule. Waajiri wao ni walimu, manesi, makarani, mafundi simu, na waandishi wa habari. Hata serikali inalijua hilo: amri zake za mishahara zina kifungu cha watumishi wa majumbani, na kifungu hicho hakiishii kwa mabalozi na wafanyabiashara wakubwa. Kina nafasi ya waajiri wengineo. Wengineo ndio sisi.

Kwa hiyo ukimpeleka binti yule kwenye jumba lenye bwawa, umefanya kazi moja tu kubwa: umetutoa sisi kwenye filamu. Mwalimu atakaa ukumbini aitazame, atikise kichwa, aseme "matajiri hawana utu", arudi nyumbani ambako dada anamsubiri afungue mlango saa tano usiku, na mshahara wa mwezi wa tatu bado haujatoka. Na lile gauni lililochanika linafanya kazi hiyo hiyo: "Wa kwetu havai hivyo, kwa hiyo wa kwetu hateseki." Mahali mlipopachagua na nguo mlizozichagua vimeshahukumu kesi kabla mtu hajafungua mdomo, na vimemwachia huru mshitakiwa. Mnaniambia hayo ni mapambo?

Na yule bibi. Huyu ndiye aliyenifanya nisimame kwenye kiti. Macho mekundu! Wanangu, Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza huko, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu. Watu wa haki za binadamu wameyaandika hayo kwa miaka mingi, na magazeti yetu yameyaandika. Macho yale yamefanywa mekundu na moshi. Mtu aliyepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka 50 kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa ya rangi gani? Kila filamu inayomvisha bibi kaniki na kumpaka wekundu inaongeza shahidi wa uongo kwenye kesi ambayo hukumu yake ni kifo. Katika skripti yenyewe bibi huyo si mchawi! Ni bibi tu, anamuaga mjukuu wake stendi. Nikauliza hirizi ya nini. "Ili ijulikane ni wa kijijini." Nilikaa chini nikanywa maji.

Najua wapo watakaosema, "Kaka, watazamaji wanapenda majumba, sinema ni ndoto, umasikini wanao nyumbani." Nimeisikia hoja hii tangu enzi za kanda za video, na haijawahi kuwa kweli zaidi ya nusu. Amil Shivji alipotengeneza T-Junction mwaka 2017 hakukimbilia jumba. Alikwenda kwa wamachinga na hospitalini, na filamu ikafungua tamasha la ZIFF mwaka huo. Vuta N'kuvute yake ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inatuonyesha Zanzibar ya miaka ya 1950 kwenye vichochoro na mavazi ya wakati ule, na ilifika hadi tamasha la Toronto. Ndoto haihitaji bwawa la kuogelea, wadau. Mtu akijiona kwenye pazia jeupe jinsi alivyo, na akaonekana anastahili kutazamwa, hiyo nayo ni ndoto, tena ambayo wengi wetu hatujawahi kuoteshwa.

Sasa nisije nikaonekana hodari wa kubomoa tu. Haya ndiyo niliyowaambia, na nayaandika kwa ajili ya wengine walioko vyuoni.

Kwanza, andikeni kwa mnachokimiliki. Robert Rodriguez alipotengeneza El Mariachi, iliyotoka 1992, alikuwa na kama dola 7,000. Aliorodhesha vitu ambavyo angevipata bure kwenye mji mdogo wa Mexico, yaani baa, basi, mbwa, kobe, kisha akavitungia hadithi. Nyie mna nini? Mna nyumba za uswahilini. Nyumba ya Kiswahili ni jukwaa lililojengwa tayari: kibaraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma kwenye bomba, majiko na choo. Mtu hawezi kwenda kuoga bila watu watano kujua. Siri haina pa kujificha. Mnataka mahali pazuri zaidi ya hapo kwa binti anayepanga kutoroka?

Pili, nendeni mkapaone saa ile ile mtakayopiga, na siku ile ile ya wiki. Mahali tulivu pa Jumanne saa nne ni pengine kabisa Jumamosi saa kumi. Fumbeni macho msikilize. Kuna msikiti, kuna kwaya inafanya mazoezi, kuna mchomelea mageti, kuna baa. Hakuna aliye na kosa, wao walikuwepo kabla yenu. Uchunguzeni na mwanga: jua la Dar likianza kuzama halimsubiri mtu. Kalenda nayo ina maneno: masika ni Machi mpaka Mei, msije mkalia. Na makaratasi msiyadharau. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa apate barua, Bodi ya Filamu nayo iulizwe mapema. Mkiwa na askari kwenye hadithi, sare msizitafute kwa fundi wa mtaani. Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na ya kwao. Hiyo si biashara ya kujaribu kwa ajili ya maksi.

Tatu, kama sehemu moja itahitaji siku mbili, ziwekeni karibu. Satyajit Ray wa India alianza kupiga Pather Panchali Oktoba 1952, kwenye uwanja wa nyasi ndefu zenye maua meupe. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya matangazo, siku yake ilikuwa Jumapili tu. Aliporudi Jumapili iliyofuata akakuta ng'ombe wameyala maua yote. Alilazimika kungoja msimu mwingine maua yaote tena ndipo amalizie. Filamu ilitoka 1955 na dunia ikaamka. Lakini Ray alikuwa na uvumilivu, nyie mna tarehe ya kukabidhi kazi.

Nne, mavazi yaandikwe kwa siku za hadithi, si kwa siku za kupiga. Siku ya kwanza ya hadithi anavaa nini, ya pili nini, kipi kimechafuka lini. Pigeni picha kila mwisho wa sini, na kanga ikunjwe upande ule ule. Mtumba una tatizo moja: kila nguo iko peke yake, ikimwagikiwa na uji hamtapata pacha wake. Kanga ndiyo mkombozi. Inauzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Kimoja kichafueni, kingine kikae safi. Na jina la kanga mlisome kabla ya kununua! Watazamaji wetu wanajua kusoma kanga kuliko wanavyojua kusoma magazeti. Binti aliyekosana na mama mwenye nyumba akivaa kanga yenye jina la harusi, ukumbi mzima utacheka mahali pa kulia.

Nilipomaliza nilijiona mtu wa maana sana. Ndipo yule binti wa mavazi, aliyekuwa kimya muda wote akiandika, akainua kichwa. "Asante kaka. Kwa hiyo tukapigie nyumbani kwako?"

Wadau, nilikosa la kusema. Mimi na mama watoto tumepanga chumba, sebule na stoo. Tuna dada, ametokea Kondoa, yuko kwetu mwaka wa pili. Analala sebuleni. Kila asubuhi kabla hatujaamka analikunja godoro lake na kulisimamisha nyuma ya kochi, na ninakiri hapa hadharani kwamba nimelizoea hilo godoro kiasi kwamba sikuwa nikiliona tena. Mwezi uliopita mshahara wake ulichelewa siku kumi na moja. Sababu nilikuwa nayo. Sababu huwa tunazo. Ningeikubali kamera sebuleni kwangu ingelikuta hilo godoro, na nilitamani ghafla vijana wale warudi kwenye jumba lao la Mbezi Beach, kule ambako mimi simo.

Nilisema ndiyo. Ilinichukua muda, lakini nilisema ndiyo.

Walikuja Alhamisi kuangalia mwanga. Yule binti wa mavazi akafanya jambo ambalo mimi, pamoja na makala yangu na Sembène wangu, sikuwa nimelifikiria. Alikaa chini jikoni na dada, akamweleza hadithi, akamuuliza, "Dada yangu, wewe ungemvisha nini huyu mtu?" Dada akafikiri huku anachambua mchele. Akasema siku anakuja mjini avae gauni zuri kuliko yote aliyonayo, kwa sababu mjini huingii hovyo. Akishafika alivue, alikunje, aliweke chini kabisa ya begi. Asilivae tena. Si kanisani, si sikukuu. "Hilo ni la kurudi nalo," alisema. "Siku mkimwona amelitoa, jueni anaondoka."

Maneno mawili matatu, na filamu nzima ikapata uti wa mgongo. Sini ya mwisho ilikuwa na kurasa mbili za ugomvi na kilio. Sasa ina pasi, gauni na begi. Hakuna anayesema neno.

Mimi usiku ule nilikaa na swali langu mwenyewe. Begi la dada liko pale pale nyuma ya kochi, kando ya godoro. Gauni lake limo. Sijui ni la rangi gani. Mshahara wa mwezi huu nimeutoa tarehe 28, kabla ya kodi na kabla ya umeme, na stoo tumeanza kuitoa vikorokoro apate mlango wa kufunga. Msinipigie makofi, hayo ni madeni na si sadaka.

Naomba kuwasilisha.